Sifuri kwa Mama Visima

Kitasa kilikuwa cha baridi, na Mama Visima hakukigeuza.

Ndipo tulipomwacha juma lililopita. Amesimama nje ya chumba cha kamati, ghorofa ya juu kabisa, mkono kwenye kitasa, sikio kwenye mlango. Ndani wanataja jina lake. Na tulisikia wenyewe kwamba hawamsengenyi. Wanamsifu!

Wanamsifu kwa ile makala aliyokuja kuwaomba waitupe.

Wewe uliyekosa gazeti, nakupa kwa haraka. Mama Visima ni mhadhiri wa sayansi ya maji. Wanafunzi wamempa jina hilo kwa sababu kinywani hana kingine ila visima. Mkataba wake unaisha mwezi huu. Kamati ikimpandisha leo kuwa mhadhiri mwandamizi, anabaki kazini, na nyumba ya chuo anayoishi na mumewe na watoto inabaki. Isipompandisha, anarudisha funguo za ofisi na za nyumba kwa pamoja. Hakuna njia ya katikati.

Ana makala mbili za kujitetea.

Ya kwanza ilimtoa jasho. Wahakiki, wale wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapwa, waliirudisha, akarekebisha, wakairudisha tena, mpaka akawa anawaota. Hatimaye ikatoka katika jarida huria, yaani jarida lililo wazi mtandaoni, mwenye simu yeyote analisoma bila kulipa.

Ya pili ilikubaliwa chai yake haijapoa. Tena aliituma kwa makosa! Alikusudia kuambatisha faili lililokamilika, akaambatisha rasimu, ile chafu, yenye namba za kujazia jedwali tu na maneno aliyojiandikia mwenyewe. Jarida la kitapeli likapokea ada, likaichapa kama ilivyo, likaongeza na sifa: wahakiki watatu wamependezwa.

Aliligundua hilo asubuhi hii. Akawaandikia waitoe. Wakamjibu papo hapo: hongera, tunakukaribisha ulete nyingine.

Haya, turudi mlangoni.

Ngriii!

"Aingie mhusika!"

Huyo ndiye Mkuu wa Kitivo. Ana kikengele cha shaba mezani, na akiwa hayupo wahadhiri wote wanamwita Kengele.

Mama Visima akaingia.

Meza ndefu, feni inayozunguka bila kuleta upepo, sahani ya biskuti, watu wanne. Kengele yuko kwenye kiti cha mbele. Kulia kwake yuko naibu wake, Bwana Pointi, mtu ambaye kazi yake ni kugeuza jasho la wenzake kuwa namba. Kushoto yuko Profesa Miwani, ambaye ana miwani ya kusomea na ya kutembelea, na zote kazipandisha utosini. Na mwisho wa meza kakaa mjumbe wa wahadhiri, mkemia, mwanamke aliyeficha uso kwenye kikombe.

Huyo wa mwisho ni wifi yake. Dada wa mumewe, tumbo moja.

Na ndiye aliyemwelekeza kwenye lile jarida la kitapeli!

"Keti, Daktari," alisema Kengele. "Undugu wako na mjumbe tunaujua, usijisumbue kuutaja. Nikiwatoa ndugu na marafiki wote kwenye kamati hii, nitabaki mimi na kengele yangu."

"Asante, Mkuu. Nina jambo naomba nilitangulize..."

Ngriii!

"Utaratibu, Daktari! Pointi kwanza. Bwana Poi... Naibu, endelea."

Bwana Pointi akajikohoza. "Makala ya kwanza. Maji ya visima vifupi. Sifuri."

"Sifuri?"

"Sifuri."

"Kwa nini?"

"Niliifungua mtandaoni, ikafunguka."

Mama Visima akamkodolea macho. "Sijakuelewa, Naibu."

"Ikafunguka hivihivi! Haikuniuliza neno la siri, haikuniuliza malipo. Jarida gani la heshima linaachwa wazi kama choo cha stendi?"

"Choo cha stendi wanalipisha, Naibu."

Profesa Miwani akacheka peke yake, kisha akajifanya anakohoa.

"Ni jarida huria," Mama Visima alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayerudia jambo lile lile kwa mtu yule yule. "Limeachwa wazi makusudi. Wauguzi wanalisoma. Mafundi wanaochimba visima wanalisoma. Hao ndio niliowaandikia."

"Umewaandikia wachimba visima?"

"Kwani visima anachimba nani? Wewe?"

Ngriii!

"Tumeonywa na waraka wa chuo," Bwana Pointi alisema, akinyanyua kidole. "Majarida ya mtandaoni yanakula watu. Cha bure chote ni cha kitapeli."

"Waraka unakataza wanaochapisha bila kuhakiki. Haukatazi watu kusoma bure. Hayo ni mambo mawili tofauti, jamani! Nimesema kwenye idara, nimesema kwenye semina, nimesema mpaka koo limekauka. Kile cha kitapeli kinamla mwandishi na hakimpi msomaji kitu. Hiki kimenihangaisha mimi ili msomaji apate kitu safi. Mnavitia vipi kapu moja?"

Profesa Miwani akaona ni zamu yake. "Mimi, Daktari, maisha yangu yote sijawahi kuchapisha mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma."

"Najua, Profesa. Na muhula uliopita ulinijia ofisini nikutafutie makala yako mwenyewe, kwa sababu maktaba yetu haiwezi kulipia jarida uliloliandikia."

"Ah. Uliipata?"

"Imefungwa."

"Bahati mbaya," Profesa alisema kwa huzuni ya kweli. "Nilitaka kujua nilisema nini."

Kengele akapiga meza kwa kiganja. "Tuendelee! Makala ya pili."

Hapo Bwana Pointi akang'aa kama bwana harusi.

"Makala ya pili! Jarida la Kimataifa la Maji, Sayansi na Maendeleo ya Dunia Nzima. Kimataifa, Mkuu! Tena dunia nzima! Wahakiki watatu. Pointi zote." Akajumlisha kwa kalamu. "Amepita."

"Amepita?" Wifi aliinua uso kutoka kwenye kikombe kwa mara ya kwanza.

"Amepita."

"Basi hongera, Mhadhiri Mwandamizi," alisema Kengele na kuchukua biskuti. "Unaweza kwenda. Mlango uufunge vizuri, unaingiza upepo."

Msomaji wangu, umeuona mtego?

Hakutakiwa kusema uongo hata neno moja. Alitakiwa kusema asante. Asubuhi mumewe alimpigia viatu rangi bila kuombwa, wala hakumuuliza kitu, na viatu vile sasa vilikuwa vinang'aa chini ya meza ya kamati. Wifi alimtolea macho: nenda, nenda, nenda.

Akasimama. Akaenda. Akafika mlangoni, akashika kitasa kile kile.

Halafu akageuka.

"Iondoeni hiyo ya pili."

Biskuti ya Kengele ilisimama njiani. "Unasema?"

"Ya kimataifa. Iondoeni. Mkuu, una nakala mbele yako, naomba usome ukurasa wa tatu. Kwa sauti."

Kengele akasoma, kwanza kwa sauti ya mkuu, kisha kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu gizani. "'Matokeo yanaonyesha kwamba, hapa pabaya, sentensi hii hata mimi siielewi, niiandike upya nikishakula.'"

Chumba kizima kikasikiliza feni.

"Na ulikula?" aliuliza Profesa Miwani.

"Nilikula, Profesa. Nikaiandika upya. Ila nilituma faili ambalo silo."

"Na hili jedwali?" Kengele alikuwa anapekua sasa. "Tisa, tisa, tisa, tisa. Visima vyote tisa?"

"Namba za kushikilia nafasi. Nilizijaza nikisubiri za kweli. Hakuna kisima hata kimoja chenye tisa."

Kengele akamgeukia naibu wake polepole. "Na wewe umetoa pointi zote."

"Mimi sisomi, Mkuu!" Bwana Pointi aling'aka. "Mimi nahesabu!"

"Na hawa wahakiki watatu ni akina nani?"

"Hawapo," alisema Mama Visima. "Hakuna binadamu aliyeisoma, Mkuu. Kule hawakuisoma, na hapa hamkuisoma."

Kengele akawa mwekundu wa macho. Aliipiga kengele mpaka ulimi wake wa shaba ukakwama.

"Mapumziko!"

*

Wifi alimdaka kwenye korido, akamburuta hadi dirishani, karibu na ngazi.

"Una wazimu?"

"Niachie mkono, Wifi."

"Sikuachii! Ulishapita! Mguu mmoja uko nje ya mlango, unarudi kujichomea nyumba?"

"Tisa, tisa, tisa, Wifi! Kweli niitwe mwandamizi kwa tisa?"

"Nani angeona? Kuna mtu anasoma humo? Wanataka namba, wape namba, kula, lala! Wewe unajifanya mtakatifu kwenye nyumba ya kaka yangu?"

"Wewe ndiye uliyenipeleka kwenye jarida lile."

"Nilikupeleka kwa sababu ulikuwa unazama! Kila nikija kwenu, mhakiki amesema hivi, mhakiki amesema vile, watoto wanakula mkate mkavu mama yao analilia jedwali. Mwenzio nimepanda mwaka jana kwa makala tatu, nikalala usingizi wangu."

Mama Visima akaacha kuuvuta mkono.

"Tatu za jarida gani?"

Wifi akatazama nje ya dirisha.

"Wifi. Jarida gani?"

"Mbona unauliza unachokijua?"

Chini uwanjani wanafunzi walikuwa wanacheka kwa sauti, kana kwamba duniani hakuna kamati.

"Umeshalitaja kuwa la kitapeli," Wifi alisema, taratibu sasa. "Ni kama umenitaja mimi. Wewe huna kazi, mimi sina kazi, tumuache kaka yangu atulishe kwa kushona suruali za watu? Na mama je? Nani atamweleza mama kwamba wakwe na watoto wote wamerudi kwake na magodoro?"

"Wifi, mimi nimechoka." Na alivyolisema, hata mimi ninayewasimulia nilichoka naye. "Nimechoka kuwaandikia watu wasiosoma, ili wanihesabie, ili nipate ruhusa ya kuwaandikia tena. Kile kimoja nilichoandika kikasomwa, ndicho wamekipa sifuri. Unaona akili hiyo?"

"Akili siioni. Nauona mshahara."

Ngriii!

Kengele ilikuwa imetengenezwa.

*

"Kamati imetafakari," Kengele alisema, ingawa sahani ya biskuti ilionyesha walichokitafakari. "Makala ya pili imeondolewa kwa ombi la mwenyewe. Ya kwanza ina sifuri. Naibu, jumla?"

"Sifuri na sifuri, Mkuu..."

"Najua jumla yake! Daktari, kwa masikitiko, mkataba wako..."

"Someni," alisema Mama Visima.

"Tusome nini?"

"Ile ya kwanza. Iko wazi, haitaki neno la siri, si ndilo kosa lake? Kila mmoja ana simu. Isomeni hapa hapa, mbele yangu. Mkimaliza, nipigeni sifuri yenu, lakini mkiwa mnajua mnaipiga nini."

"Haijawahi kutokea katika kamati hii!" alifoka Bwana Pointi.

"Kitu gani?" aliuliza Profesa Miwani. "Kusoma?"

Na kabla Kengele hajafikia kengele yake, Profesa alishusha miwani ya kusomea, akatoa simu, akaanza. Kengele akamwona mzee amekwisha kuanza, akaona aibu, naye akatoa yake. Wifi akafuata. Bwana Pointi alikuwa wa mwisho, na aliishika simu kwa mbali kama mtu aliyeshikishwa mtoto aliyelowa.

Wasomaji, wahadhiri wanne wakasoma makala ya mwenzao kutoka juu hadi chini!

Kengele alikuwa anasoma midomo ikicheza. Bwana Pointi alitaka kuruka hadi hitimisho, Profesa akamwambia bila kuinua kichwa, "Rudi, rudi, bado tuko kwenye mbinu." Mama Visima alibaki amesimama. Hakuna aliyekumbuka kumwambia akae.

Ghafla Profesa Miwani akainua uso.

"Daktari. Hiki kisima cha nyuma ya kiwanda. Ndicho wanachochotea shule ya pale?"

"Ndicho."

"Kina risasi kiasi hiki? Hii risasi ya betri, ile sumu?"

"Ndiyo, Profesa."

"Mjukuu wangu anasoma pale." Alikuwa ameshasimama, simu mkononi. "Anakunywa pale kila siku. Mbona hukutuambia?"

"Niliandika, Profesa. Iko hapo tangu mwaka jana. Mwenye simu yeyote angeisoma."

Hakuna aliyechukua biskuti.

Kengele akaizima simu yake na kuilaza kifudifudi. Alipoongea, ilikuwa mara ya kwanza bila kupiga kengele.

"Tutapiga kura kama makala hii ipewe pointi. Ikipewa, Daktari anabaki. Lakini mjue mnachokipigia. Tukimpa huyu kwa kusoma, basi tunasoma na za wengine. Tunaanza na waliopanda mwaka jana. Nitaiandika mwenyewe kwenye kumbukumbu." Na macho yake yakapita mwisho wa meza, yakatua kwa Wifi, yakakaa hapo. "Profesa?"

"Ipewe! Na mniruhusu nikapige simu shuleni."

"Utapiga tukimaliza. Naibu?"

Bwana Pointi alikuwa anatokwa na jasho. "Ni nzuri. Sikatai ni nzuri. Lakini waraka ni waraka, na makala imefunguka. Napinga."

Kura moja kila upande. Kengele, kwa kuwa ni mwenyekiti, hana kura.

"Mjumbe wa wahadhiri?"

Wote wakamgeukia Wifi. Mama Visima naye akamwangalia, na hakumkazia macho. Alimwangalia kama alivyomwangalia siku ya kwanza alipoletwa bibi harusi, mgeni, hajui hata jikoni ni wapi, na Wifi ndiye aliyemshika mkono.

Wifi akakiweka kikombe chini.

Mkono wake ukainuka.

Mama Visima aliachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi. Akashika mgongo wa kiti.

"Mjumbe ameunga mkono," alisema Kengele, na kuinyooshea mkono kengele yake.

"Sijaunga mkono, Mkuu. Naomba kusema."

Akasimama. Uso ulikuwa mkavu, wala hakuna ambaye angeweza kusoma kilichokuwa ndani yake, hata mimi.

"Makala hii imemtisha Profesa, na ni haki yake kutishika. Sasa mwulizeni wifi yangu, maji ya visima hivi yalipimwa wapi."

"Kwenye maabara yako," alijibu Mama Visima, haelewi. "Chupa nilikuletea mwenyewe. Wifi, unataka kusema nini?"

"Na aliyeyapima nani?"

"Wewe. Ukanipa majibu. Wifi?"

Wifi hakumtazama tena. Alimgeukia Kengele.

"Basi niulizeni mimi," alisema, "kama niliyapima."